Mbuzi wa Saa Nne

Uhakiki una desturi yake. Mhakiki hutaja jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, kisha huvuta pumzi akaingia kwenye dhamira. Leo sina mchapishaji wala mwaka wa kutaja. Kazi ninayoihakiki imechorwa kwa penseli ya useremala juu ya mifuko ya kaki, ile midogo ya kutilia maandazi. Mchoraji ni fundi seremala, jirani yetu hapa Bisibo, upande huu wa Kagera wenye Ngara na Biharamulo. Hadhira yake ni mtu mmoja tu: binti yake wa darasa la pili. Mwenyewe hataki jina lake liandikwe, eti wateja watamcheka. Basi tumwite Fundi.

Najua wapo watakaouliza: hii nayo ni kazi ya kuhakikiwa? Subiri kidogo, bwana. Tuanze na kazi yenyewe.

Kila siku ya shule Fundi humtilia binti yake kitu cha kula mapumziko ya saa nne. Mara andazi, mara karanga, mara kiazi kitamu cha kuchemsha. Kabla ya kutia, anachora picha moja juu ya mfuko. Mhusika mkuu ni mbuzi. Pale nyumbani yupo mbuzi wa kweli, mkorofi, hakai na kamba hata juma moja. Fundi amemchukua huyo akamtia kwenye hadithi. Nimeiona mifuko 18 iliyonusurika, na mitano kati yake ni ya juma moja. Jumatatu mbuzi amekata kamba. Jumanne yuko juu ya paa la ofisi ya kijiji, watu wako chini wanamwonyesha vidole. Jumatano kapanda basi, kichwa nje dirishani. Alhamisi iko kamba peke yake, mbuzi hayupo. Ijumaa, lo! Mbuzi kaketi dawati la nyuma darasani, amevaa sweta ya shule.

Tuitazame fani. Fundi hajasomea kuchora, na inaonekana. Miguu ya mbuzi wake imenyooka kama miguu ya stuli, na basi lake ni kabati lenye magurudumu. Lakini mkono uliozoea kupiga mstari juu ya ubao hautetemeki: anachora mara moja, hafuti. Hana kivuli, hana mapambo, hajazi pembe za karatasi kwa sababu ziko wazi. Na ile Alhamisi ya kamba tupu ni ufundi ambao waandishi wengi wenye vyeti hawana. Amejua kunyamaza. Amemwachia msomaji wake swali la kulala nalo. Mtoto, nasikia, jioni ile aliuliza mara tatu, "Baba, kaenda wapi?" Naye akajibiwa, "Ngoja kesho." Hiyo ndiyo taharuki, ndugu zangu. Wengine tunaitafuta kwa kurasa 200 na hatuipati.

Uhakiki si sifa tupu, kwa hiyo niseme na pale kazi inapoanguka. Kati ya mifuko 18, minne ni mahubiri. Mmoja una mtoto anasoma kitabu na maneno SOMA KWA BIDII. Mwingine una daktari mwenye koti refu. Mwingine una ndege na rubani wake. Wa nne ni katuni iliyonakiliwa gazetini, nayo imepoa kama uji wa jana. Picha hizi ni safi kuliko za mbuzi, lakini zimekufa. Kwa nini? Kwa sababu hazikuchorwa kwa ajili ya huyu mtoto. Zingeweza kupewa mtoto yeyote, wa Mwanza au wa Mombasa, na zisibadilike hata nukta. Kwenye mbuzi Fundi anazungumza na mtu anayemjua. Kwenye daktari anazungumza na "kizazi kijacho".

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Nchi hii iliwahi kujaa mifuko ya plastiki tuliyoiita Rambo, kwa jina la yule mpiganaji wa sinema. Kilichochapwa juu yake kilitoka kiwandani, cha kwako sawa na cha jirani, na hakuna aliyeusoma mfuko. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na mifuko ya karatasi ikapata nafasi madukani na magengeni. Kaki inakubali penseli. Sheria ilikuwa ya mazingira, lakini kwa Fundi ilileta ukurasa. Msanii makini hutazama alichonacho mkononi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakungoja turubai ya Ulaya. Alipaka rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao za kawaida. Na ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Kirehe, Rwanda, akina mama walifanya imigongo kwa samadi ya ng'ombe wakapamba kuta za nyumba zao.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. La msingi ni nani anaandikiwa. Na kwa hili Kiswahili kina ushahidi wa zamani. Mwaka 1858 hivi, huko pwani ya Kenya, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi. Mwanzoni kabisa anamwita asogee karibu na wino na karatasi. Hakuiita hadhira, alimwita mwanawe. Unaweza kugombana na mafunzo yake kuhusu mke na mume, na wahakiki wamegombana nayo kwelikweli, lakini sauti ile bado inasikika kwa sababu ilikuwa na sikio moja la kuingia. Shaaban Robert naye alifuata njia hiyo: Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Leo tunazisoma sote, lakini mlango wa kuingilia ni wa mtoto mmoja.

Kwa upande wa picha, huko Uingereza J.R.R. Tolkien aliwaandikia watoto wake barua za Krismasi zenye michoro yake mwenyewe kuanzia 1920 hadi 1943. Zilitoka kama kitabu mwaka 1976, yeye akiwa ameshafariki. Beatrix Potter hakuwa mzazi, lakini hadithi ya sungura wake Peter ilianza mwaka 1893 kama barua ya picha kwa mtoto mmoja mgonjwa aitwaye Noel Moore. Miaka ilipopita akataka kuifanya kitabu, ikambidi amwazime Noel barua ile. Bahati njema mtoto alikuwa ameitunza.

Mifuko ya Fundi haina bahati hiyo. Adui yake ni mafuta. Andazi likikaa humo tangu alfajiri, ikifika saa nne kaki imelowa, mbuzi amekuwa kivuli. Hiyo 18 niliyoiona ni ile iliyobeba karanga na viazi. Kwa hiyo historia ya sanaa hii imeamuliwa na jikoni: siku za andazi zimepotea. Tusijidanganye kwamba kupotea ni kuzuri. Mwalimu au shangazi akiweza kuweka michache kati ya kurasa za daftari, na aweke.

Sasa tuje kwenye pingamizi kubwa, maana lipo. Darasa lile lina watoto wanaofika saa nne mikono mitupu. Hawana mfuko, hawana mbuzi, wana njaa. Rafiki yangu mmoja mwandishi aliniambia, "Mshikaji, unasifia urembo wa mfuko wakati mwenzake hajala." Ni neno zito, na silikwepi. Mchoro haushibishi, na mwenye kudai unashibisha ni mwongo. Lakini hebu tazama Fundi alifanya nini: hakuchora badala ya andazi, alichora juu yake. Alitafuta kwanza chakula, kisha akaongeza penseli. Na watoto wengine humzunguka yule binti kila saa nne kuuliza mbuzi leo kafanya nini. Mara nyingine mkono wa mwenzake huingia mfukoni, mara nyingine hauingii. Hadithi imewaleta karibu. Kugawana ni kazi ya watu, na njaa ya shuleni ni kazi ya wazazi, vijiji na serikali. Tusiitwishe picha mzigo wa sufuria.

Hata hivyo, pingamizi lile lina ncha inayotuchoma sisi tunaoandika. Miswada yetu mingi ni mifuko iliyochorwa vizuri, ukiitia mkono ndani hamna kitu. Tunaandikia "jamii", tunaandikia "Afrika", tunaandikia majaji wa shindano. Tunatunga shujaa asiye na kijiji na mama asiye na jina, halafu tunalalamika kwamba vijana hawasomi. Wasome nini, wakati barua haina anwani yao? Kila mara nasikia kwamba huku kwetu hakuna fasihi, eti mpaka ufike Dar. Ni uongo. Bibi anayesimulia jioni, baba anayechora alfajiri, wote wana wasomaji wanaorudi kesho. Wangapi kati yetu tunao?

Kwa hiyo, chipukizi mwenzangu, kabla hujatuma mswada kwa mhariri, chagua mtu mmoja unayemjua vizuri: mdogo wako, kondakta wa basi unalopanda, shangazi asiye na subira. Mwandikie yeye. Tumia mbuzi anayemjua. Usimfundishe kitu usiku ule. Mwachie kamba tupu. Asipouliza kesho itakuwaje, rudia. Akiuliza, na akauliza tena jioni, hapo umepata cha kuleta katika kurasa hizi, na sisi wahakiki tutakuja na visu vyetu.