Kuinamia Uvungu: Kupima Kinga ya Kutu Kwenye Gari la Zamani

Anayeuza Land Rover ya zamani huku pwani hukuambia kwanza kwamba gari hilo halishiki kutu. Ni kweli, lakini kwa bodi tu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Chasisi inayobeba bodi hiyo ni chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria nao ni chuma. Basi utaikuta Series III iliyonyooka na kupakwa rangi safi, huku chasisi yake inatobolewa kwa bisibisi. Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, lina hatari zaidi, kwa sababu halina chasisi ya kujitegemea: sakafu na mihimili iliyo chini ya milango ndiyo mifupa yake. Hapo pakioza, gari limeoza.

Wanunuzi wengi hupima kinga kwa weusi. Wanamulika tochi chini, wanaona lami inang'aa kutoka mbele hadi nyuma, wanaridhika. Mimi lami mbichi hunitia shaka kuliko chuma chenye vumbi. Lami hukauka, na kwa joto na mitikisiko ya barabara za kokoto hufanya nyufa nyembamba. Maji huingia kwenye ufa yakakaa nyuma ya lami, mahali ambapo upepo haufiki kuyakausha. Kutu inahitaji maji na hewa. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa urahisi, kutu ikaenda mbio. Tena chumvi yenyewe hunyonya unyevu wa hewani, ukishapita asilimia 75 hivi, na usiku wa Mombasa, Tanga au Unguja hufika hapo mara nyingi. Kwa hiyo gari linaloegeshwa karibu na bahari huliwa hata kiangazi.

Omba ruhusa, kisha ukwangue kwa kisu sehemu ndogo iliyojificha, upana wa ukucha. Chini ya lami au rangi unatakiwa kukuta praima, na chini ya praima chuma cha kijivu. Ukikuta unga wa kahawia au magamba yanayobanduka, fundi aliifukia kutu ikiwa hai. Hapa praima ya zinki huwadanganya hata watu makini. Zinki hulinda chuma kwa kuliwa yenyewe kabla ya chuma, lakini hilo hutokea pale tu inapogusana na chuma kitupu. Ikipakwa juu ya kutu inabaki kuwa rangi tu, hata kama kopo lake ni la bei ghali.

Baada ya kisu, nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Puti nayo ni butu, kwa hiyo tembea na sumaku: haishiki palipojazwa puti nene. Kwenye Land Rover anzia mhimili wa nyuma, ambao udongo hujikusanya juu yake, uende kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, kisha pembe za mbele zinaposhikiwa springi, umalizie sakafu ya miguu. Kwenye 504 gonga mihimili ya chini ya milango kwa urefu wake wote, na uinue zulia.

Lakini kazi yenyewe hasa iko ndani. Chasisi ya Land Rover ni sanduku refu lenye uwazi, nayo huoza kuanzia ndani kuja nje. Tundu unaloliona leo lilianza miaka mingi nyuma. Fundi anayejua kazi huikausha kwanza, mara nyingi kwa siku kadhaa za jua, halafu huingiza mpira mrefu wenye ncha inayorusha pande zote, akapuliza nta laini mpaka kwenye pembe. Nta haigandi kama lami. Joto likipanda hulegea na kujipenyeza kwenye maungio ambayo brashi haifiki. Ukiona siku ya jua kali matone ya nta yanachuruzika kwenye matundu ya kutolea maji, furahi: hakuna dalili bora kuliko hiyo. Pitisha waya katika kila tundu. Yakiwa yamezibwa kwa lami au kulehemu, chasisi imegeuzwa tangi, na hakuna nta itakayoiokoa.

Angalia pia kile ambacho hakikupakwa. Mpira wa breki, bushi, eksozi na propela vinapaswa kubaki safi, kwa maana fundi alivifunika kwa karatasi kabla ya kupuliza. Ninaamini sana kipimo hiki, kwa sababu mtu aliyejisumbua kufunika mpira wa breki kwa kawaida huwa amejisumbua pia kukwangua.

Oili chafu, ambayo wengi bado huipuliza chini ya magari yao, siikubali. Ni kweli huchelewesha kutu kwa muda. Lakini hubeba asidi kutoka kwenye injini, hulainisha bushi za mpira, hudondoka ardhini, na siku ukitaka kupaka rangi ya maana haishiki.

Kama mfuko unaruhusu, chasisi iliyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka kwa nyuzi 450 hivi za Selsiasi ndiyo kinga ninayoiheshimu kuliko zote, maana zinki hufika ndani na nje. Mulika ndani uone ukijivu ule ule. Kulehemu kote kuwe kumefanywa kabla ya kuzamisha. Alama iliyoungua juu ya zinki ni mahali ambapo kinga imeshaondoka. Na bodi inaporudishwa, pawekwe mpira au rangi nzuri kati ya alumini na chuma. Vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, na utaona unga mweupe kwenye maungio.

Kinga yoyote hukaguliwa upya kila mwaka kabla ya masika, na uvungu huoshwa kwa maji ya bomba kila gari linapotoka ufukweni. Kabla ya kulipa, mwombe fundi picha za chuma kitupu zilizopigwa kabla hajapaka chochote. Asipokuwa nazo, na akakataa ukwangue, tafuta fundi mwingine.