“Kipepeo wa Buluu”: Jina Lisilotambulisha

Mfasiri akutanapo katika kitabu cha kigeni na wale vipepeo wadogo wa familia ya Lycaenidae, huwa mwepesi kuandika “kipepeo wa buluu” na kuendelea na kazi yake. Kwa maoni yetu tafsiri hiyo haifai, na ushahidi hauko mbali.

Katika bustani ya Mnazi Mmoja, pale Mchafukoge jijini Dar es Salaam, tulitazama nyasi fupi wakati wa jua la asubuhi. Mahali pa namna hiyo, penye mbigili na mchicha wa porini, hupendwa na Zizeeria knysna, mdudu ambaye mabawa yake yakikunjuliwa upana wake ni kama sentimita 2 tu. Dume, kwa upande wa juu, ni buluu inayoelekea zambarau. Jike ni kahawia. Je, mwalimu amwambie mwanafunzi kwamba yule wa kahawia naye ni “wa buluu”? Zaidi ya hayo, kipepeo huyu akitua mara nyingi hufumba mabawa, na ile buluu ikatoweka kabisa.

Kinachobakia machoni ni upande wa chini wa bawa, wenye rangi ya kijivu na madoadoa, na huo ndio utambulishao. Zizeeria ana doa dogo ndani ya ile sehemu ya bawa la mbele iliyozungukwa na mishipa. Zizina antanossa, anayefanana naye mno, hana doa hilo. Hapa pana mtego mwingine wa istilahi. Kiingereza huita sehemu hiyo kwa neno lile lile litumikalo kwa seli ya mwili. Mfasiri akiandika “doa ndani ya seli”, msomaji atakwenda kutafuta hadubini, hali jambo lenyewe laonekana kwa macho matupu. Twapendekeza “chumba cha bawa”, na mishipa iendelee kuitwa mishipa.

Tukivuka upande wa pili, Kariakoo, suala linagusa chakula. Anayemenya kunde mbichi humjua kiwavi atoboaye ganda na kula mbegu, ingawa huenda asijue kwamba kiwavi huyo aweza kuwa mtoto wa kipepeo, Lampides boeticus, aenezaye maskani yake tangu Afrika hadi Australia. Mkubwa wake ana kijimkia chembamba katika bawa la nyuma, madoa mawili meusi karibu nacho, na mkanda mweupe unaoonekana wazi upande wa chini. Jina “kipepeo-kunde” lingemfaa. Tunakiri kwamba jina la mmea si hati ya utambulisho, maana viwavi wa vipepeo wengine nao hula jamii ya kunde. Lakini mkulima atalikumbuka.

Ugumu wenyewe umo katika jenasi ya Leptotes. Hawa pia wana kijimkia na madoa, ila upande wa chini umechorwa kama marumaru, bila ule mkanda mweupe ulio wazi. Kuwatenga na Lampides kwawezekana bustanini. Kuwatenga wao kwa wao, yaani L. pirithous na L. babaulti na L. brevidentatus, hakuwezekani kwa kutazama tu: hata mtaalamu hana budi kuchunguza viungo vya uzazi vya dume. Basi kumtungia kila mmoja jina la Kiswahili la kutumiwa shambani ni kumpa mtazamaji ujuzi asio nao. Litoshe jina moja la jenasi nzima, “vipepeo-marumaru”. Na anayehitaji spishi aandike jina la kisayansi baada ya kupima.

Kitabu kikubwa cha Jan Kielland juu ya vipepeo wa Tanzania, kilichotolewa mwaka 1990, kimeandikwa kwa Kiingereza. Atakayekifasiri siku moja asianze na rangi. Aanze na bawa lililofumbwa, kisha alinganishe. Na fomu anazojaza bwana shamba, ikiwa zinadai “jina la mdudu” kana kwamba jina lapatikana daima, ziongezewe nafasi ya kuandika: “jenasi imejulikana, spishi haijapimwa.”