Surua: kwa nini mtoto anachanjwa mara mbili

Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto yeyote wa Singida, awe wa Mandewa mjini au wa Munguli kule Mkalama, chanjo ya surua na rubela imepangwa mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Ya kwanza wazazi huikumbuka. Ya pili hupita kirahisi, maana mtoto ameshaanza kukimbia, mama amerudi kwenye alizeti, na wengi wanaamini ni ya kuongezea nguvu tu. Si kweli.

Tuanzie kwenye kichupa. Ndani yake mna unga mkavu wenye virusi hai vilivyodhoofishwa; vile vya surua asili yake ni virusi ambavyo John Enders na Thomas Peebles walivipata Boston mwaka 1954. Muuguzi huuchanganya unga huo na maji yake maalumu, huvuta nusu mililita na kuchoma chini ya ngozi. Kichupa kikishachanganywa hakikai zaidi ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Kwa kuwa kichupa hutoa dozi 10, kukifungua kwa ajili ya mtoto mmoja ni uamuzi mgumu kwa zahanati ya kijijini.

Virusi hivyo dhaifu huzaliana kidogo mwilini. Seli za ulinzi huvibeba hadi kwenye mitoki, na huko seli B chache zinazoweza kuvitambua huchochewa, zikaongezeka kwa wingi. Baadhi hutengeneza kingamwili. Nyingine hubaki miaka mingi kama kumbukumbu, tayari kwa siku surua yenyewe itakapobisha hodi. Homa ndogo au vipele baada ya wiki moja hivi ni dalili ya kazi hiyo.

Lakini mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Zinamlinda, na wakati huohuo zinaweza kuviua virusi vya chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Kufikia miezi 9 zimepungua, ila si kwa kila mtoto. Ndiyo sababu chanjo ya umri huo huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Kusubiri zaidi kungeongeza idadi hiyo, lakini surua ingewawahi wachanga.

Waliobaki 15 ndio wanaolengwa na chanjo ya miezi 18. Chanjo ya pentavalenti ni tofauti: haina kiumbe hai, kwa hiyo mwili unahitaji kufundishwa mara tatu. Ya surua hurudiwa kwa ajili ya mtoto ambaye ya kwanza haikumshika, na kwa macho hakuna anayeweza kumtambua.

Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili kuuzima mlipuko, watu 95 kati ya 100 wanahitaji kuwa na kinga, na dozi moja haifiki hapo hata kama kila mtoto ameipata. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba surua hufuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili ambazo mtoto alikuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine.

Fungua kadi ya mwanao leo. Kama mstari wa miezi 18 uko wazi na umri huo umepita, mpeleke kliniki, bado anachanjwa.