Patroni Anapata Nini Tukifanya Kazi Nyumbani?

Wandugu, tangu mwaka 2025 serikali ilipopatia Starlink ruhusa ya kuuza intaneti hapa Kongo, mazungumzo ya wenye lisansi kule kwetu Kasongo yamegeuka. Zamani tulikuwa tunaulizana nani ana mtu Kindu. Sasa tunaulizana namna ya kushawishi patroni wa Kinshasa atuajiri tukiwa hapahapa nyumbani. Na kila mara kuko mmoja anayetoa namba yake: asilimia 13.

Namba ni ya kweli. Inatoka kwenye utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, juu ya Ctrip, kampuni ya safari ya China. Wafanyakazi wa simu waliokaa nyumbani miezi 9 walitoa kazi zaidi kwa asilimia 13, na idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa nusu. Kwa patroni hiyo ni faida kubwa. Lakini wanaotaja namba hawasomi yaliyobaki. Ili uchaguliwe ulipaswa kuwa na intaneti nzuri na chumba cha kufanyia kazi peke yako. Mimi nalala na wadogo wangu wawili. Tena, majaribio yalipokwisha, kama nusu yao walichagua kurudi biro, wengi ju ya upweke.

Na kazi ya simu inaishia kwenye simu. Kilimo si hivyo.

Kabla ya vita kufika Bukavu nilifanya miezi nane na projeti moja, jina nitaliacha. Shefu alikuwa Bukavu, mimi Kasongo, kazi ni kufuata mashamba ya mihogo kule Kabambare. Patroni alipata faida, tusifiche: hakulipa nyumba ya biro, wala mlinzi, wala mafuta ya jenereta. Mega nilinunua mwenyewe, pano ya jua niliazima kwa mjomba. Fomu za KoboToolbox unaweza kuzijaza hata pasipo rezo, halafu unazituma ukifika fasi kuko rezo, kwa hiyo raporti zilifika kila Ijumaa. Shefu alifurahi. Mimi pia nilifurahi, ju nilikula kwa mama na sikulipa nyumba.

Mwezi wa tatu wakakata pesa ya pikipiki. "Si una watu Kabambare? Watume picha kwa WhatsApp." Nikakubali, na hapo kosa ni langu pia. Picha zikaja, majani ya kijani, mazuri kabisa. Nikaandika "hali nzuri" nikiwa kwenye kiti barazani. Kwa raporti hiyo, miti ya mihogo ya mashamba yale ikakatwa, ikagawiwa vijiji vingine vipande.

Mwenye alisoma agronomi ameshaona shida. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao uko huku mashariki mwa nchi, majani yake yanaweza kukudanganya. Ndani ya muhogo ndiko kuna uozo mkavu wa kahawia. Kujua, lazima ung'oe na ukate kwa kisu. Na ugonjwa unasafiri ndani ya miti ileile tunayogawa. Siwezi kuapa kwamba ndio huo uliotupiga, maabara haikupima kitu. Lakini wakati wa mavuno mama mmoja alinikatia muhogo mbele ya watu, ndani mweusi-mweusi, akaniuliza: "Mwanangu, shamba langu ulilitazama kwa macho gani?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Shefu yeye alitaka kujua kwa nini sikuona. Kisha akaleta dawa ya mapatroni wote: simu kila saa mbili usiku, GPS kwa kila fomu. GPS inaonyesha fasi uliposimama. Haionyeshi kama uliinama na kung'oa. Yeye alihesabu alichookoa kwa biro, hakuhesabu bei ya habari ya uongo, na bei hiyo waliilipa watu wengine.

Sisemi tukatae. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na mabenki yakafungwa, biro za kule zilisimama. Patroni aliyekuwa na mtu Kasongo alikuwa bado na mtu. Na bila kazi za namna hii wengi wetu tunaondoka, halafu Kabambare inabaki bila agronomi hata mmoja. Kusafisha data, bajeti, kuandika raporti: hizo fanyeni nyumbani, hata usiku. Ila patroni anayeokoa nyumba ya biro, pesa hiyo aitie kwenye pikipiki, siyo mfukoni. Na iandikwe kwenye kontra, pamoja na mega, ju maneno ya simu yanasahaulika haraka.

Wiki iliyopita mwingine alinipigia, akauliza kama naweza kufanya kazi nikiwa nyumbani. Nilimjibu ndiyo, nikamuuliza ni siku ngapi za pikipiki kwa mwezi. Alisema atanipigia tena. Bado nangoja.