Fasili ya Floridi katika Maandishi ya Shule

Baadhi ya tafsiri za maelezo ya afya shuleni huifasili floridi kuwa "dawa ya kuzuia meno kuoza". Fasili hiyo hatuikubali. Kwanza, dawa ya meno ni ile ipakwayo katika mswaki. Floridi ni madini yaliyomo ndani yake. Pili, maji ya sehemu nyingi za Arusha yana floridi iliyozidi, na watoto wa huko meno yao hugeuka rangi ya kahawia. Mwalimu wao atawaambiaje kwamba ni dawa iliyowatia madoa?

Floridi kidogo huimarisha tabaka la nje la jino lisiliwe na asidi itokanayo na sukari. Ikizidi wakati meno yanapoumbika, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Kwa hiyo twapendekeza "floridi" kwa madini yenyewe, kwa mfano wa "kloridi" iliyokwisha kuzoeleka katika somo la kemia, na "madoa ya floridi" kwa athari yake. Aidha, mfasiri asiache kutaja kiasi, kwani hicho ndicho kitenganishacho kinga na madhara.