Sawa au Yuleyule? Uhakiki wa Ulinganishaji wa Data za Duara katika Python na Scheme

Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, iliyopitishwa na Bunge la Rwanda lenye makao yake Kimihurura, Kigali, humpa mhusika haki ya kutaka data zake binafsi zisahihishwe. Katika mifumo ya kompyuta, utekelezaji wa haki hiyo hutegemea swali la kiufundi: programu huamuaje kwamba rekodi mbili ni za mtu mmoja?

Swali hilo huwa gumu pale rekodi zinaporejeleana. Tuchukulie mapacha wa kike. Rekodi ya kila mmoja ina tarehe ya kuzaliwa, jinsia na kiungo cha kumwelekeza msomaji kwa pacha anayefuata. Rekodi ya mwisho hurudi kwa wa kwanza. Hilo ni duara.

Katika Python, orodha mbili tofauti za namna hiyo zikilinganishwa kwa alama ya ==, ulinganishaji huzunguka bila kufika mwisho hadi programu ikatize kazi kwa kutangaza kosa. Udhaifu huu ni dhahiri, lakini una uaminifu wake: mtumiaji hupewa kosa, hapewi jibu la uongo.

Scheme ilichagua njia nyingine. Tangu toleo la R6RS la mwaka 2007, amri ya equal? inalazimika kutoa jibu hata penye duara. Maundo mawili huhesabiwa kuwa sawa iwapo, yakikunjuliwa bila kikomo, hayaonyeshi tofauti yoyote. Kihisabati, suluhisho hili ni zuri. Hata hivyo, duara la mapacha wawili na la mapacha watatu, yakikunjuliwa, hutoa mfululizo uleule wa tarehe na jinsia. Scheme itayatangaza kuwa sawa, na mtoto mmoja atakuwa amepotea katika hesabu.

Kasoro haimo katika amri yenyewe, bali katika kuitumia kujibu swali lisilo lake. Kiswahili hutenganisha dhana hizi waziwazi: watu wawili wanaweza kuwa sawa bila kuwa mtu yuleyule. Python nayo hutenganisha == na is, ingawa is hutambua kitu kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta tu, si mtu aliye nje yake.

Kwa hiyo, wanaosanifu istilahi wasitumie neno “usawa” kwa dhana zote mbili. Nao washauri wa sera wadai kwamba rekodi za watu zilinganishwe kwa kitambulisho cha pekee cha kila mtu, kabla ya umbo la data kuulizwa lolote.