Kufufua Enduro 40: Nguvu Inatoka Wapi?

Mvuvi akimpelekea fundi mashine kuukuu ya boti, ombi lake la kwanza mara nyingi ni bloku ichongwe, ziingie pistoni kubwa, boti ikimbie. Kwa Yamaha Enduro 40, mashine iliyobeba uvuvi wa Ziwa Victoria na wa pwani yetu kwa miaka mingi, hesabu inalikataa ombi hilo. Ina silinda mbili zenye kipenyo cha milimita 80 na mwendo wa pistoni wa milimita 70, yaani ujazo wa sentimita za ujazo 703. Ukichonga hadi pistoni iliyozidi kwa nusu milimita, unaongeza karibu sentimita za ujazo 9 tu, kama asilimia moja na robo. Kuchonga kunaponya silinda iliyokwaruzika au kuwa yai. Farasi wapya hawatoki hapo.

Wanatoka kwenye pumzi. Mwaka 1974 kampuni ya OMC ya Marekani ilitoa mashine za Johnson na Evinrude za farasi 9.9 na 15, zote mbili zikiwa na ujazo uleule wa karibu sentimita za ujazo 216. Kilichozitenganisha hasa ni kabureta: ya 15 ilipitisha hewa na mafuta mengi zaidi. Mafundi wa huko wamekuwa wakiibadilisha 9.9 kuwa 15 kwa kubadili kabureta tu, bila kumhitaji mkerezaji.

Lakini Enduro imepangwa ivute mzigo kwa saa nyingi, na ile iliyokuja karakanani imechoka. Haitoi tena farasi 40 ilizozaliwa nazo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha kilichopotea, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea mlango.

Katika mashine ya mipigo miwili, mchanganyiko wa hewa na petroli hauingii moja kwa moja juu ya pistoni. Huingia kwanza chini, kwenye chumba cha krenki. Pistoni ikishuka huukandamiza, nao hupanda kupitia matundu ya pembeni hadi kwenye silinda. Chumba kile ndicho pampu ya mashine, na pampu inayovuja haijazi. Sili za krenki zikikakamaa, hewa tupu hunyonywa kupitia pembeni, petroli inapungua ndani ya mchanganyiko, joto linapanda na kichwa cha pistoni kinayeyuka. Nimeona pistoni na ringi mpya zikifungwa juu ya sili kuukuu, kisha lawama zikatupiwa ubora wa vipuri. Fundi makini huziba matundu yote, hujaza hewa kidogo ndani ya chumba, hupaka maji ya sabuni kwenye viungo na kutazama povu. Kipimo hiki hakina gharama, na ningependa kila karakana ikifanye kabla ya kuirudisha mashine kwenye boti.

Kati ya kabureta na chumba hicho kuna vibati vyembamba vinavyofunguka hewa ikiingia na kujifunga isirudi. Vishikilie mbele ya mwanga. Kikiacha upenyo au kikiwa kimemeguka ncha, sehemu ya kila pumzi inarudi kwenye kabureta, na mashine inakuwa nzito kuwaka na dhaifu mwendo wa chini.

Ndipo silinda. Zipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana, kwani silinda huchakaa zaidi karibu na matundu. Baada ya kuchonga, kingo za matundu lazima zilainishwe kwa mkono. Ukingo mkali hunasa ringi na kuivunja, na kazi yote inaharibika mara tu mashine inapowashwa.

Silinda hedi ina kishawishi chake. Ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.1, isawazishwe kwa msasa laini juu ya bapa lililonyooka, na kuishia hapo. Kuikwangua zaidi ili mkandamizo upande huleta nguvu kidogo na joto jingi, wakati mashine ya baharini tayari ina chumvi iliyoganda kwenye njia za maji. Njia hizo zisafishwe, na impela ya pampu iwe mpya. Kuinua ukingo wa juu wa tundu la moshi nako husogeza nguvu kwenye mizunguko ya juu. Kwa boti ya mashindano ni sawa, lakini anayevuta nyavu na kubeba abiria ananyang'anywa mvuto anaouhitaji zaidi.

Propela hupuuzwa, nayo ina siri kubwa. Enduro hii, ikifunguliwa yote na mzigo wake wa kawaida, inapaswa kufika kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Isipofika 4,500, propela inaielemea: mashine inakoroma, inapata joto na kujaza masizi. Punguza pichi ya propela (hatua yake kwa mzunguko mmoja) kwa inchi moja, utapata kama mizunguko 150 hadi 200 zaidi. Nimeona wamiliki wakiagiza kuchonga bloku wakati dawa ilikuwa kubadili propela.

Baada ya kufunga, kwa saa 10 za kwanza mafuta ya mashine yawe lita moja kwa lita 25 za petroli, na mwendo uwe wa upole hadi ringi zikae.

Boti ya mbao isiyopanda juu ya maji huhitaji nguvu inayokua karibu kwa kipeo cha tatu cha kasi. Hata ukifaulu kuongeza asilimia 15 ya nguvu, kasi itaongezeka kama asilimia 5 tu, na petroli utailipia kila siku. Mashine kuukuu irudishwe kwenye farasi zake 40 kamili, na iachwe hapo. Anayetaka 60 atafute mashine ya 60, na kwanza akague kama ubao wa tezi unaweza kuibeba.